Anza na kisima cha kupimia kisicho na dawa

Digoksini ni dawa ya moyo yenye mpaka mwembamba. Nanogramu 1 kwa mililita ya damu yaweza kumfaa mgonjwa. Ikipita 2, hatari ya sumu hupanda. Kuipima ni kazi, maana molekuli yake ni ndogo, daltoni 781 hivi, na kingamwili mbili (protini za kinga zinazonasa kitu mahususi) hazipati pa kuishika kwa pamoja. Ndiyo maana wengi hutumia kipimo cha ushindani: dawa ya mgonjwa hugombea kingamwili na dawa iliyotiwa alama ya rangi, hivyo rangi hupungua dawa inapoongezeka. Dawa ikiwa kidogo, unahangaika kuona upungufu mdogo ndani ya rangi kali.

Ipo njia nyingine, ambayo Colin Self na wenzake waliionyesha kwa digoksini mwaka 1994. Kingamwili ya kwanza huinasa dawa. Ya pili, inayobeba alama ya rangi, haiitambui dawa ikiwa peke yake, wala ile kingamwili ya kwanza ikiwa tupu, yaani haijashika dawa. Hutambua umbo linalotokea zikishikana. Hapo rangi hupanda pamoja na dawa, kutoka karibu na sifuri.

Nilipoanza kutafuta hiyo ya pili, nilichagua koloni za haibridoma (seli za maabara zinazotengeneza kingamwili) zilizotoa rangi kali kuliko zote. Nikazitunza miezi mitatu. Siku nilipojaza safu nzima ya visima (vitundu vya sahani ya kupimia) visivyo na dawa, vikageuka bluu ndani ya dakika tano, na nilipotia asidi vikawa njano sawasawa na vyenye dawa. Kingamwili yangu ilikuwa inaikumbatia ile ya kwanza, dawa iwepo isiwepo. Iliniuma sana.

Kwa hiyo nakusihi: tangu siku ya kwanza, kila koloni ipimwe ubavu kwa ubavu, kisima chenye dawa na kisicho nayo, na uchague kwa tofauti. Koloni yenye rangi hafifu lakini sifuri safi, yaani kisima kisicho na dawa kisichotoa rangi, ina thamani kuliko ile inayowaka kote. Ukitumia maktaba ya faji (mkusanyiko wa virusi vya bakteria vilivyobeba kingamwili za aina nyingi), ipitishe kwanza juu ya kingamwili tupu, utupe zinazonata, ndipo uilete kwenye zilizoshika dawa.

Sifuri ikibaki juu kidogo, kingamwili tupu zinaweza kuzibwa kwa kifanani cha dawa (molekuli inayofanana nayo) ambacho ya pili haikitambui. Self alifanya hivyo. Mimi huosha kwanza, mara tano, kabla ya kuongeza chochote.

Na sifuri yako iwe seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya watu wasiotumia digoksini, si bafa tupu, yaani maji ya chumvi ya maabara. Baadhi ya watu wana kingamwili dhidi ya zile za panya, nazo huweza kuunganisha kingamwili zako mbili, zikiwa za panya, hata pasipo dawa.