Anakokomoka akila: kimio, kiungulia au kijiko?

SWALI: Mwanangu ana miezi minane. Kila nikimlisha vijiko vitatu vinne anakunja uso, machozi yanamtoka, anatoa ulimi kama anataka kutapika. Nikimlaza, uji kidogo unarudi mdomoni. Mama mkwe anasema ni kimio, kikatwe. Nifanyeje? – Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU: Kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kisiguswe. Kila mtu anacho, na si hicho kinachomtapisha mtoto. Kukikata huweza kumvujisha damu hadi afe, na wembe mchafu huleta pepopunda na virusi vya Ukimwi. Mweleze mama mkwe kwa heshima, ila hapo usilegee.

Unayoeleza ni mambo mawili: kukokomoka, na uji kurudi mdomoni, yaani kucheua. Kukokomoka ni kinga: tonge husukumwa nje kabla halijaziba njia ya hewa. Kwa mtoto anayeanza kula, sehemu ya ulimi inayoamsha kinga hiyo iko mbele zaidi kuliko kwa mtu mzima, na hurudi nyuma taratibu kadiri anavyojifunza kutafuna. Akikohoa na kutoa sauti, mwache amalize mwenyewe. Usimtie kidole mdomoni, utalisukuma tonge ndani.

Kukabwa ni jambo jingine, na huwa kimya: halii, hakohoi, midomo inageuka bluu. Aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja mara 5. Kilichomkaba kisipotoka, mgeuze chali, umbonyeze kwa nguvu katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5. Rudia, huku mwingine akitafuta usafiri. Aliyezidi mwaka hubonyezwa tumbo, juu ya kitovu, ukiwa umesimama nyuma yake.

Sasa huo uji unaorudi. Kilango cha juu ya tumbo la mtoto bado hakijakaza, na tumbo lenyewe ni dogo: hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Tumbo la mwenye kilo 8 halibebi hata kikombe cha mililita 250. Akinyonya, kisha akapewa kikombe kizima cha uji, lazima kirudi. Umri wake unataka vijiko vikubwa viwili au vitatu, vikiongezeka hadi nusu ya kikombe hicho, mara mbili au tatu kwa siku pamoja na maziwa ya mama.

Uji mwepesi ndio tunaoushuku zaidi. Watu huuongeza maji ili ushuke upesi. Unajaza tumbo, haushibishi, na akilala unapanda. Inamisha kijiko: ukitiririka, urudishe jikoni. Na usisage kila kitu kwa blenda. Mtoto anayecheleweshewa vibonge hadi baada ya miezi 9 au 10 mara nyingi ndiye hukokomoka zaidi baadaye. Ponda viazi, boga au parachichi kwa uma, uache punje laini.

Mkalishe wima, mgongo umeegemezwa, si kumlaza kwenye paja. Tumia kijiko cha chai, nusu yake tu, usubiri ameze. Akigeuza kichwa, ameshiba. Kumbana pua au kummiminia uji kwa kiganja kunaupeleka uji mapafuni, na nimonia ya namna hiyo ni mbaya. Halafu anajifunza kukokomoka akikiona tu kijiko. Baada ya kula mweke wima dakika 20 hadi 30, nepi isimbane tumbo. Usiku alale chali, kitanda kikiwa sawa, bila mto.

Jambo moja likumbuke vizuri: je, alikuwa akicheua kabla ya miezi sita? Kama kumeanza juzi tu, mpeleke kliniki apimwe, maana kucheua kwa kawaida huanza mapema zaidi.

SWALI: Wangu ana miezi minne, anacheua kila akinyonya lakini anacheka na ananenepa. Duka la dawa wamenipa dawa ya asidi. Nimpe? – Baba, Nakuru

JIBU: Usimpe. Dawa hiyo hupunguza ukali wa asidi, haizuii maziwa kupanda, na kwa mtoto asiyeihitaji humwongezea hatari ya maambukizi. Kucheua kwa aina hii huanza kabla ya wiki 8 na watoto 9 kati ya 10 huacha kabla ya mwaka. Mnyonyesheni kidogo kidogo, mara nyingi zaidi, na mumbeulishe katikati. Kumtilia uji ili maziwa yawe mazito hapana, bado mdogo. Kila mwezi tazameni mstari wa uzito kwenye kijitabu cha kliniki. Ukipanda, vumilieni kufua nguo.

Hospitali siku hiyohiyo: matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo lililovimba, homa, mkojo kupungua, kulegea, au maziwa yanayoruka mbali kwa nguvu, hasa kwa mtoto wa wiki 2 hadi 8. Uzito uliosimama, kikohozi kila anapolishwa, au kucheua kunakoendelea baada ya mwaka, kwendeni wiki hiyo.