Madoa mu mapafu kisha opereshoni ya shingo: komprime asiache

Swali: Munganga, mama yangu iko na miaka 52. Mu 2021 walimupasua kansere ya tezi ya shingo, ile ya papilari, kisha akaenda Kampala kunywa iodini. Sasa skaneri inaonyesha madoa madogo mu mapafu. Munganga wake anasema aendelee na komprime tu, turudi kisha miezi 6. Familia inasema kisu njo kilimwaga ugonjwa, na waganga wamemuacha afe. Mzee moja wa sokoni Kadutu anauza dawa ya majani, anasema mama aache komprime kwanza juu zitagombana na dawa yake. Tufanye nini?

Jibu: Dada, asiache. Kama ameshaacha, arudilie kesho asubui na umwambie munganga wake siku ngapi alikosa.

Hii swali inanifikia karibu kila wiki na inaniumiza, juu watu wanazania levotirosini, njo ile komprime ya mama, ni ya kujaza tu pengo la tezi yenye walitoa, sawa vitamini, ukijisikia muzima unaiweka kando. Hapana! Kwa mama yako ile komprime ni dawa ya kansere yenyewe. Kuko homoni yenye inatoka chini ya ubongo, TSH, kazi yake ni kuamuru seli za tezi zikue na zifanye kazi, na zile seli za mu mapafu ni watoto wa tezi, zingali zinasikia ile sauti. Dozi ikitosha TSH inashuka, kwa mgonjwa sawa mama tunaitafuta hata chini ya 0,1, na seli zinakosa mwenye kuzisukuma. Ukiacha komprime, TSH inapanda, unazilisha wewe mwenyewe.

Najua fujo inatokea wapi. Mbele ya ile iodini, wengi wanasimamishiwa komprime wiki 3 ao 4, kwa makusudi, TSH ipande, seli zishikwe na njaa ya iodini, zimeze ile yenye miale ziungue. Ni wiki chache, munganga anaangalia, kisha unarudilia. Wauza dawa za majani mu chupa wanashika hapo hapo: «hata waganga wenyewe walikusimamishia!»

Mwaka jana mama moja aliingia kwangu saa sita ya mchana, jua kali, yeye amevaa golfu na kitenge juu yake, uso umevimba, sauti imekuwa nzito. Akatoa mu saki chupa ya maji yenye kitu cha rangi ya chai, na boksi ya levotirosini. Plaketi ya kwanza, vidonge vitatu tu vimetobolewa. Miezi 4. TSH yake ilipita 90.

Kisu hakikumwaga kitu, zile seli zilishatoka mbele ya opereshoni, zilikuwa ndogo hazionekane. Na miezi 6 si kumuacha. Papilari mara nyingi inatembea polepole, kuko watu wanaishi na madoa ya vile miaka 10 na kupita, wanalima, wanauza sokoni. Tunafuata tiroglobulini mu damu, ni kitu chenye seli za tezi zinatoa, labo ile ile kama inawezekana, pamoja na TSH, na tunalinganisha skaneri mpya na ya zamani. Dawa zingine za kansere, sorafenibu na lenvatinibu, ziko, lakini zinapandisha tansio, zinaleta kuhara, zinachuna ngozi ya mikono, basi tunazingoja mpaka ugonjwa utembee kweli. Uliza munganga wake kitu kimoja: haya madoa yanameza iodini? Kama hayaimeze, kurudi Kampala kuinywa tena ni feza za bure.

Komprime ni asubui, tumbo tupu, na maji. Angoje nusu saa mpaka saa moja mbele ya chai. Uji wa masosoma uko na soya, inazuia dawa kuingia, asivichanganye. Dawa za fer na kalsiamu, azimeze masaa 4 kisha komprime.

Na huyu mzee, kama vile wote wanauza matone ya iodini na unga wa kuyeyusha uvimbe, muulize atajua namna gani kama madoa yanapungua. Skaneri hana, TSH hapimi. Anaangalia mkoba wako tu. Minaona watu wanakuja na uvimbe wa shingo umekuwa mgumu sawa jiwe, sauti imeharibika, kisha miaka mbili ya kupaka majani na kuchanjwa nyembe, na tungeweza kuutoa ukingali mdogo. Mwenye iko na uvimbe shingoni aende kwanza kufanya ekografi, hata uvimbe haumuumi. Mara nyingi hii kansere haiumize hata kidogo.