Green Bay bila tiketi ya mechi

Ndugu, umeuliza kama kuna la kuona Green Bay, Wisconsin, kwa mtu asiye na tiketi ya Packers, timu ya huko ya futiboli ya Kimarekani. Yapo tele. Anza na Lambeau Field yenyewe, uwanja wao tangu 1957. Hebu fikiria: jiji lina watu laki moja na ushee, uwanja unabeba zaidi ya 80,000! Na timu si mali ya tajiri mmoja, ni ya wanahisa, wengi wao mashabiki wa kawaida. Tiketi za msimu huisha zote tangu 1960, kwa hiyo usishangae kuzikosa. Lipia ziara ya kutembezwa ndani, uchague inayopita njia ya wachezaji kuingilia uwanjani.

Njaa ikikubana, mgahawa wa 1919 Kitchen & Tap umo humo humo; 1919 ndio mwaka timu ilipoanzishwa. Mimi ningekula hapo mara moja tu, kwa ajili ya mazingira ya Packers, kisha nivuke barabara hadi Titletown, eneo la burudani. Watoto wana pa kukimbia, na majira ya baridi kuna barafu ya kutelezea. Hoki ya barafuni iko Resch Center, jirani kabisa.