Minanasi imegoma kuchanua

SWALI: Minanasi yangu hapa Kiwangwa ina miezi 14. Michache imechanua, mingine bado. Ethefoni, ile dawa ya kuchochea maua, itasaidia? Mbona majani ya jirani aliyeitumia yamegeuka njano?

JIBU: Itasaidia, lakini hesabu majani kwanza, si miezi. Mmea wenye majani chini ya 30 utachanua, ila utakupa nanasi la kubebea mfukoni, huo uuache.

Ethefoni ikiingia mmeani huachia gesi ya ethilini, homoni inayouamuru mnanasi uache kutoa majani na kuanza ua. Kwenye bomba la lita 20 weka mililita 4 za ethefoni yenye gramu 480 kwa lita, na gramu 400 za urea ili dawa ipenye vizuri. Mimina mililita 50 katikati ya kila mmea, kwenye kikombe cha majani machanga. Bomba moja latosha mimea 400. Fanya kazi jioni, jua likishapoa. Mvua ikinyesha usiku huohuo, rudia. Mchanganyiko usilaze, maana gesi hutoka yenyewe.

Mbolea ya kukuzia isimamishwe wiki 4 hadi 6 kabla. Mmea ulioshiba naitrojeni huwa mkaidi.

Kuhusu jirani: ethilini hiyohiyo huzeesha majani. Sitokinini, homoni nyingine ya mmea, ndiyo huyabakiza kijani, na dawa ikizidi, ethilini hushinda. Wengi hukosea kwa kupima kwa kifuniko cha chupa. Nunua sindano ya mililita 5.