Mwaka wa kuzaliwa usio na uthibitisho
Ndugu, umeuliza uandikeje, kwenye mchoro wa mti wa ukoo wako, mwaka wa kuzaliwa wa babu ambaye wazee husema tu kwamba alizaliwa wakati wa Vita vya Maji Maji. Usiandike 1906 kana kwamba umeuona kwenye cheti. Andika "kati ya 1905 na 1907, kwa maelezo ya shangazi", kisha uongeze tarehe uliyomhoji. Alama ya kuuliza peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi kama kinachotiliwa shaka ni mwaka, jina au uhusiano wenyewe. Uhusiano ndio hunitia wasiwasi zaidi: mzee akisema "baba yangu", huenda anamtaja baba mdogo, kwa hiyo mstari unaowaunganisha wawili hao kwenye mchoro uuchore kwa nukta, tena kwa penseli, mpaka umuulize ni nani hasa aliyemzaa.