Msiwapange mstari

Walimu wa mazoezi mnaoletwa shule za Dodoma, haya tunayarudia kila msimu wa BTP (mazoezi ya kufundisha) na kila msimu mnayafanya. Safari hii ni mada ya ubaguzi, hasa wa kimo.

1. Msiishie kwenye rangi, dini na kabila. Andikeni ubaoni orodha ya misingi ya ubaguzi iliyo kwenye Ibara ya 13(5) ya Katiba, kisha muulize nani kaachwa nje. Watataja lafudhi, kigugumizi, kimo. Anzieni hapo.

2. Msiite wanafunzi mbele wajipange kwa urefu. Najua, zana ya bure, nanyi andalio la somo mmeliandika usiku. Lakini kicheko huanzia dawati la nyuma, "andunje" linatoka, na mwalimu akitaka kutuliza anasema, "Wafupi wana akili sana." Basi, mtoto kashapewa jina la kubeba hadi kidato cha nne, na mwalimu ndiye kaligonga muhuri! Upande wa pili yupo "twiga", msichana anayepelekwa netiboli bila kuulizwa kama anaipenda. Naye kainamisha mabega. Tena kimo si suala la kurithi tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta watoto 42 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wadogo kati yao huenda ndio mnaowafundisha sasa, na mnawasimamisha wachekwe kwa lishe waliyokosa wakiwa wachanga.

3. Tumieni kadi. Waombaji wawili wa kazi ya mapokezi, jinsia moja: mmoja kazidi alama, mwingine kazidi uzoefu. Nusu ya vikundi wapeni kadi zenye sentimita 152 na 180, nusu zisizotaja kimo. Watu sita kila kikundi, dakika nane. Sababu ziandikwe kabla ya kura, la sivyo watazitunga baadaye. Mkichanganya jinsia, mjadala utahamia huko. Mwishoni linganisheni kura za nusu hizo mbili; zikifanana, msizipindishe.

4. Watauliza kuhusu polisi, maana matangazo ya ajira zao huweka kima cha chini cha urefu. Msikwepe: kazi yenyewe inadai nini, na je, stuli isingetosha? Wapeni mfano wa Michigan, Marekani, ambako sheria ya 1976 inakataza ubaguzi wa kimo kazini.

5. Kusanyeni kadi zote, mzihesabu. Ikisahaulika moja darasani, kufikia jioni itakuwa imeandikwa jina la mtu.