Nyumba ni yake, mbona aombe kibali cha madirisha?

Ndugu, umeuliza kwa nini mwenye nyumba kwenye mtaa wa kihistoria huko Marekani aombe kibali cha kubadilisha madirisha wakati hati ni yake. Hati ni yake kweli, lakini sura ya nje ni ya mtaa mzima. Mji wa Charleston ulianza utaratibu huu wa vibali mwaka 1931. Jiji la New York lilitunga sheria yake ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, baada ya stesheni ya Pennsylvania kuanza kubomolewa mwaka 1963. Jengo la fahari namna ile, likageuzwa kifusi! Kisha mwaka 1978, katika kesi ya stesheni ya Grand Central, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuzuia mnara usijengwe juu yake si kumpora mmiliki.

Kwa kawaida kamati ya uhifadhi, inayotoa kibali hicho, haigusi jikoni kwako. Inatazama paa, kuta za nje, madirisha na ubomoaji. Kugeuza nyumba kuwa duka mara nyingi huamuliwa na bodi nyingine, ya mipango miji, kwa hiyo kibali kimoja huenda kisitoshe. Peleka michoro na picha kabla hujanunua chochote. Na dirisha la mbao lililooza pembeni mara nyingi linakarabatika, tafadhali usikimbilie kulitupa.